Antena ya Mita Kumi na Mbili

Antena ya kwanza aliyonionyesha sikuiona. Alinipa kipande cha kioo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, akaniambia niangalie katikati. Nikaangalia katikati, kisha pembeni, kisha nyuma. Nikaona alama ya kidole changu tu.

"Unaionaje?" akauliza.

Nikasema ni nzuri sana. Alikuwa jirani yangu, tena mkubwa wangu kwa umri, na kwetu mtu akikuonyesha kitu chake unakisifu kwanza.

"Unasifu nini?" akasema. "Uko nayifunika na kidole."

Tulimwita Mwalimu, nami sitamwita jina lingine hapa. Alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kilima chetu, Butembo, katika vita ya kwanza na ya pili ya Kongo, na katika ile miezi ambayo hatukujua tuihesabu ndani ya vita ipi. Wengi wanamkumbuka kama yule mwalimu aliyefungwa Beni kwa ajili ya antena. Wachache wanajua kwamba aliyemfunga hakuwa mwanajeshi. Nilikuwa mimi. Nitalieleza hilo mahali pake. Nataka kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Alikuwa mtu mkubwa sana. Viatu vyake viliagizwa Kampala, maana katika soko letu lote namba yake haikupatikana. Alipokaa kwenye benchi ya kanisa, wenzake watatu wa upande wa pili walihisi. Na mtu huyo, mwenye vidole kama ndizi za kuchoma, alitumia maisha yake kutengeneza vitu ambavyo ukipiga chafya vinapotea. "Kila kitu kikubwa ni uvivu," alikuwa anasema, huku akiinama ili asigonge kichwa kwenye mlango wake mwenyewe.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza, kwa kuwa nilielezwa mara nyingi. Ndani ya kompyuta mna kidude cheusi, bapa, chenye miguu mingi kama tandu. Kwa Kifaransa kinaitwa puce, nasi tumefuata. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa ameleta kompyuta kutoka Dubai, ikafa kabla ya kufanya kazi hata wiki, akampa Mwalimu aizike. Mwalimu aliifungua. Akasema ndani ya ile puce mna vyumba vidogo maelfu na maelfu, vimeunganishwa kwa nyaya nyembamba kuliko uzi wa buibui, na vyumba vyote vinafanya kazi kwa kengele moja. Kengele inapita katika waya. Chumba cha karibu kinaisikia mapema, cha mbali kinachelewa. Puce ikienda polepole, si kitu. Ikitaka kukimbia, wa mbali wanaiangusha.

"Sasa dawa ni nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Kurefusha waya?"

"Aah, Sekretere!" Ndivyo alivyoniita, kwa kazi yangu ya ukarani. "Kutosha waya, kuitoa yote. Tunatia phonie ndani ya puce."

Phonie, ile redio ya kusemezana, tuliijua wote. Miaka ile simu haikuwepo, na barabara ilikuwa na vizuizi vingi kuliko madaraja, kwa hiyo wafanyabiashara na parokia walisema na watu wa mbali kwa phonie. Mwalimu alitaka vyumba vya puce visemezane hivyo hivyo: antena moja katikati ipige kengele, antena nyingine pembeni zisikie zote kwa mara moja. Padri mmoja aliyetoka Ulaya alimwambia kwamba kule pia wako wataalamu wanaofikiri jambo hilo, na mashine zao zinajaza jengo zima. Nilidhani atahuzunika. Alifurahi kama mtu aliyepata ndugu. "Basi hapana miye tu njo mupumbavu," akasema.

Urefu wa antena yake ulikuwa milimita moja na nukta mbili. Namba hiyo aliitafuta kwa miaka saba. Alisema wimbi likiingia ndani ya jiwe la puce linapunguza mwendo kama mtu anayepita kwenye matope, na hatua zake zinakuwa fupi, kwa hiyo antena nayo inafupishwa ifuate hatua. Kisha aliikunja kona kwa kona kama barabara inayopanda Kabasha, ili ikae mahali padogo. Alikata dhahabu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu ya Manguredjipa alikuwa anampa chembe zilizofuliwa mpaka zikawa karatasi, na kumwazima lupu, kile kioo cha jicho moja wanachotumia kutazama mchanga. Mwalimu alikata kwa wembe, amezuia pumzi. Saa hizo Mama Mwalimu, mke wake, hakuruhusiwa kukaanga pilipili.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo lazima mlishike. Hapakuwa na mashine ya kupima kama antena ile inasema au ni bubu. Haikuwepo Butembo, na nadhani haikuwepo katika Kongo nzima. Mwalimu hakuwahi kuisikia antena yake hata siku moja. Alichokuwa nacho ni hesabu. Hesabu ikiwa sawa, basi anatengeneza antena. Hesabu ikiwa na kosa, basi ni mtu mzima anayekatakata dhahabu ya watu.

Ndiyo maana alikuwa mkali hivyo kwa namba. Mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi bila kuandika kama ni mita au kilo alipata sifuri, si nusu. Mtoto wangu wa pili alirudi na sifuri hiyo, nikapanda kwenda kulalamika.

"Jibu ni makumi ine, na mutoto aliandika makumi ine!"

"Makumi ine nini? Mbuzi?" akaniuliza. "Namba bila unité ni mutu anapiga hodi bila kusema jina. Siku hizi, Sekretere, unamufungulia?"

Siku hizo hatukumfungulia mtu wa namna hiyo. Nilirudi nyumbani, sifuri ikabaki.

Na mtu huyo huyo alichelewa kanisani kila Jumapili. Alikuwa shemasi wa Waprotestanti, mwenye zamu ya kusoma matangazo, na kila Jumapili matangazo yalisomwa na mwingine. Redio pia hakuwa nayo. Watu walipokusanyika kusikiliza habari, nani ameteka wapi, yeye alipita bila kusimama. "Miye napenda antena," alisema. "Redio inasema bongo, uongo mutupu."

Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, ikipigwa kwa chuma. Darasa la mwisho lilikuwa chini, karibu na kijito. Mwalimu alipima kwa hatua, akapiga hesabu, akaenda kwa prefe, mkuu wa shule, kumwambia kwamba sauti inafika kule chini ikiwa imechelewa theluthi moja ya sekunde, kwa hiyo wakati wa mtihani wanafunzi wa chini waongezewe theluthi hiyo.

"Mwalimu," prefe akasema, "bale ba chini banachelewa nusu saa kila asubuyi."

"Ile ni kosa yabo. Theluthi ya sekunde ni kosa yetu."

Prefe akakubali ili amtoe ofisini. Tangu siku ile, mtihani ukiisha, Mwalimu alisimama katika darasa la chini na mkono juu, rimu ikalia, akangoja theluthi ya sekunde, akashusha mkono. Sijui alikuwa anaipimaje. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuandika kitu ndani ya muda huo, lakini wazazi wa chini walimpenda.

Mara moja alipanga wanafunzi sitini kwenye uwanja wa mpira wawe vyumba vya puce, kila mmoja ameshika kamba za katani zinazokwenda kwa wenzake. Ishara ilikuwa kuvuta. Walivuta. Baada ya dakika chache puce yote ilikuwa chini, imefungana miguu. Doria ya wanajeshi ikapita, wakaona vijana wengi wamelala uwanjani na kamba, wakashika bunduki.

"Hii mazoezi ya kupigana na nani?" kiongozi wao akauliza.

"Tunapigana na kuchelewa," Mwalimu akajibu.

Yule kiongozi, ambaye kila wiki alikuwa anasikia jina la kikundi kipya, alitoa daftari akaandika.

Ili aangalie kazi yake vizuri alikuwa anakwenda zahanati ya Wakatoliki, ambako laborantin, mpimaji wa damu, alimruhusu kutumia darubini kati ya mgonjwa na mgonjwa. Siku moja wagonjwa walikuwa wengi, kioo cha Mwalimu kikaingia katika mstari wa vioo vya damu. Jioni akapewa karatasi: malaria, misalaba mitatu, yaani kali sana.

"Ile ni antena," Mwalimu akamwambia.

"Mwalimu, malaria haichague. Hata baprofesa inabakamata."

Alirudi nyumbani amekasirika, akamwonyesha mke wake karatasi. Mama Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye bustani ya vitunguu na subira yenye mipaka. Alisoma mpaka mwisho, akairudisha. "Basi uyipatie dawa ya kinini," akasema, "na ulale."

Mwanamke huyo aliwahi kukatazwa kufagia nyumba yake kwa siku tisa kwa sababu antena ilikuwa imeanguka mahali fulani kati ya kitanda na mlango. Wageni tulikung'utwa miguu tukitoka. Siku ya kumi alifagia, Mwalimu akiwa shuleni, akaweka takataka zote ndani ya gunia, akaandika juu yake kwa makaa: ANTENA. Gunia hilo lilikaa miaka pembeni ya jiko. Mwalimu alisema siku moja atalipitia.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa sekretere wa bureau moja, ofisi ya waasi waliokuwa wanashika mji. Sitasema nililazimishwa. Nilikuwa na diplome ya sekondari, mashine ya kuandikia ilikuwa imekaa bure, na mtu anayekaa nyuma ya mashine hapigwi sana barabarani. Ikaja amri kwamba kila antena ya Butembo iandikishwe, kwa sababu komanda wa kambi alitaka kujua nani anasema na nani. Watu wakazificha. Wafanyabiashara walizilaza katikati ya miti ya kupandishia maharage. Mwingine alisema yake ni ya kuzuia radi. Mtu mmoja tu katika mji wote alikuja kwa miguu yake mwenyewe, amevaa suti ya harusi.

"Wavukire, Sekretere," akanisalimu kwa Kinande. "Nakuya kuandikisha antena yangu."

"Mwalimu, weye hauna antena."

"Niko na moja nzima, na mbili hazijaisha. Andika ile nzima."

Nikatia fomu kwenye mashine. Jina, kilima, kazi. Kisha urefu.

"Milimetre moja na nukta mbili," akasema. "Andika vizuri. Ni miaka saba ile."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili, na mbele yake herufi ya mita imechapwa tayari. Visanduku viwili tu. Nukta haikuwa na mahali pa kukaa, wala milimita. Ningeweza kuandika pembeni kwa kalamu, lakini komanda hakupenda fomu zenye maandishi pembeni. Mwenzangu mmoja alipigwa makofi kwa hilo. Ningeweza kuandika sifuri mbili, lakini Mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu kama baba anayeandikisha mtoto wa kwanza. Nikapiga moja katika kisanduku cha kwanza na mbili katika cha pili. Nikaona namba zake zote zimeingia, nikaridhika. Nilidhani hakuna atakayesoma. Mwalimu, aliyewafundisha watoto wetu kusoma tena kabla ya kutoa karatasi, alitia sahihi bila kusoma, maana macho yake yalikuwa na maji.

"Leo Leta imejua," akasema.

Leta, yaani Serikali! Kwa waasi, na bureau yenye dirisha la nailoni.

Komanda alisoma. Antena ya kambi yake ilikuwa mita tisa. Na hapa kuna raia, mwalimu, mwenye mita kumi na mbili.

Walinichukua nikawaonyeshe nyumba. Ilikuwa asubuhi, Mama Mwalimu anapanga vitunguu. Wanajeshi saba walitafuta kitu cha mita kumi na mbili katika nyumba ambayo urefu wake wote, tangu mlango wa mbele hadi choo cha nyuma, haukufika hapo. Walitafuta darini. Walitafuta chini ya kitanda. Mmoja alimwaga maharage kutoka ndani ya sufuria, akaangalia ndani.

"Mama," luteni aliyewaongoza akasema, "antena iko wapi?"

"Ile iko kwa gunia," Mama Mwalimu akasema, akamwonyesha maandishi ya makaa.

Luteni akalifungua gunia, akatia mkono katika vumbi, akautoa. Akamtazama Mwalimu kwa jicho baya. Mwalimu akaingia chumbani, akarudi amebeba kioo kwa mikono miwili.

"Hapana ile, afande. Hii njo nzima."

Luteni akainama. Hakuona kitu. Akaweka kidole juu ya kioo, akasugua, akatazama kidole, akakipangusa kwenye suruali yake.

Mwalimu aliitazama ile suruali. Kisha, kwa heshima kubwa, akasema, "Sasa iko kwa patalo yako, afande. Nakuomba usiyifuwe."

"Kanga monoko!" luteni akapiga kelele, kwa Kilingala cha jeshi, yaani funga mdomo. Walimfunga mikono kwa kamba zile zile za katani za uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na vitunguu. Neno moja lingetosha: afande, ni mimi nilikosea kuandika. Nililiweka mdomoni, nikalimeza.

Walimpeleka Beni. Kule kuna joto, na mtu mkubwa kama yeye anateseka kwa joto. Walimwambia atatoka siku antena itakapopatikana na yeye kutia sahihi kwamba ni yake. Akasema antena ya mita kumi na mbili hajawahi kuwa nayo, na hatatia sahihi namba ya uongo. Nilimsindikiza Mama Mwalimu kumpelekea chakula. Alikuwa amewapanga wafungwa wenzake kwa mistari, anawafundisha mawimbi kwa kutumia shati lililolowa.

"Tia sahihi, Baba," mke wake akamwambia. "Mutoto gani anakula namba?"

"Nikisema mita kumi na mbili," akajibu, "ile miaka saba ilikuwa ya nini?"

Siku zikapita, akakonda. Nami, badala ya kwenda kwa komanda kusema kweli, nilifanya kile ambacho mtu mwoga wa Butembo anaweza kufanya: nilikata mkaratusi. Ulikuwa mrefu, umenyooka, wa shamba la shemeji yangu. Nikauzungushia waya wa kuanikia nguo, nikaufunga kitambaa chekundu mkiani, nikaupakia juu ya lori la vitunguu kwenda Beni.

Kwenye kizuizi cha kwanza waliuliza ni nini. Nikasema ni antena haramu, inakwenda kujisalimisha. Wakatupa mlinzi. Kwenye kizuizi cha pili mlinzi akasema ni mateka mkubwa, wakatupa mlinzi mwingine. Tulifika Beni tukiwa na walinzi watano, watu wametoka nje kutazama mkaratusi.

Ofisa wa Beni alitoa utepe, akapima mwenyewe, huku jasho linamtoka.

"Mita kumi na moja na makumi saba," akasema. "Santimetre makumi tatu iko wapi?"

"Ilivunjika njiani, afande."

"Uyilete."

Nikanunua mti wa ufagio sokoni, nikaupigilia misumari kwenye ncha. Akapima tena. Akaridhika. Wakamtoa Mwalimu nje kwenye jua, wakamwonyesha antena yake, na wakamwonyesha fomu.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea, nami sikulielewa. Mwalimu alikuwa hajawahi kuiona fomu ile tangu siku ya suti. Aliisoma polepole. Moja, mbili, mita. Chini yake sahihi yake, ambayo hakuna mwingine angeweza kuiiga. Akaangalia mkaratusi mpaka kwenye mti wa ufagio. Akaomba kalamu. Akatia sahihi.

Tulirudi juu ya lori. Lilipoanza kupanda, akaniuliza, bila kunitazama:

"Sekretere. Siku ile kwa bureau, miye nilisema mita kumi na mbili?"

Alikuwa hanishuku. Aliuliza kama mtu anayemuuliza daktari. Na mimi, nikiwa na hofu ya walinzi, ingawa walinzi walikuwa wamebaki Beni, nikajibu:

"Ndiyo, Mwalimu. Ulisema kumi na mbili. Naona ulikuwa na homa."

"Homa," akasema. Akajishika paji la uso kwa kiganja.

Lile la visanduku lilikuwa kosa. Hili la lori lilikuwa dhambi, na mimi naijua tofauti yake.

Baada ya hapo aliacha. Alirudisha lupu kwa mnunuzi wa dhahabu. Alifundisha, lakini alianza kuwapa nusu wale waliosahau kuandika unité, na watoto walishangilia, na mimi peke yangu nikaogopa. Nilijidanganya kwamba ni uchovu wa vita. Vita ikaisha, kwa namna inavyoisha kwetu. Makampuni ya simu yakasimamisha minara kwenye vilima vyetu. Mwalimu akastaafu, Mama Mwalimu akafa, mume akahamia Mutwanga kwa binti yake mwenye shamba la kakao.

Nilimfuata mwaka ambao daktari aliniambia moyo wangu umechoka. Nilichukua pikipiki kutoka Beni, nikiwa nimeyapanga maneno. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, amekuwa mwembamba, suti ile ile ya harusi imemzidi. Binti yake alinipa maji ya kunywea vidonge vyangu vya moyo. Nikasema yote: visanduku, nukta, kumeza neno karibu na vitunguu, lori. Nikasema, "Haukusema kumi na mbili. Ulisema milimetre moja na nukta mbili. Na hata homa haukuwa nayo."

Aliinamisha sikio upande wangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Donc, kumbe hesabu yangu ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, Mwalimu."

"Miaka yote hii," akasema polepole, "nilijiambia: mutu mwenye anaweza kuchanganya milimetre na metre, huyo hapana mutu wa kutengeneza antena. Nikamushukuru Mungu alinionyesha mapema." Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. "Gereza ile nilikusamehe mbele hata ya kujua. Lakini miye uliniuliza ruhusa ya kunifanya mupumbavu?"

Nikapiga magoti. Binti yake akasema, "Papa, muzee ako na ugonjwa ya moyo."

"Asimame basi," Mwalimu akasema. "Tuko na kazi."

Akachukua fimbo yake, akaniongoza mpaka nyumba ya kwanza, ya mchungaji wa kanisa lao. Akapiga hodi, akasema jina lake, akanisogeza mbele. "Sema." Nikamwambia mchungaji, aliyekuwa ameshika soksi moja mkononi, kwamba katika vita ya pili niliandika mita kumi na mbili mahali pa milimita moja na nukta mbili, na kosa lilikuwa langu. Mchungaji akasema aksanti. Tukaenda kwa mlinzi wa zamani wa mbuga, ambaye hakusikia vizuri, nikasema mara tatu. Tukaenda kwa fundi wa pikipiki. Tukaenda kwa wazee wawili waliokuwa wanagombana juu ya mbuzi; wakaacha, wakanisikiliza, wakanipa pole, wakaendelea. Kila mahali Mwalimu alisimama nyuma yangu, akitikisa kichwa pale kwenye nukta.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa anamenya mihogo uani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Milimetre moja na nukta mbili," akasema. "Ni kama nini, Mwalimu?"

Mwalimu akainama. Akatafuta kwenye maganda ya mihogo, akakosa. Akakwangua chembe ya udongo kutoka kwenye fimbo yake kwa ukucha, akaiweka juu ya kiganja cha yule mama.

"Hii ni kubwa," akasema. "Lakini ni karibu hivi."

Mama akakileta kiganja karibu na jicho. Alikaa hivyo muda, mihogo imeachwa. Kisha akanyanyua kichwa, akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshika ukuta kwa kuchoka.

"Na huyu muzee," akauliza, "ulishamusamehe?"

Mwalimu alifikiri. Alifikiri kwa haki, kama mtu anayepima.

"Bado," akasema. "Inabakia nyumba ine."

Akashika njia, nami nikamfuata.